Kipimo cha mishipa ya kichwa kwa mtoto mwenye sikoseli, muandae hivi
Mtoto ana sikoseli ya SS (yaani karithi jini ya sikoseli kwa baba na kwa mama) na ashafika miaka 2? Basi TCD isikupite, ni ultrasaundi tu ya mishipa ya ubongo, inarudiwa kila mwaka hadi afike miaka 16, haichomi wala haina mionzi. Mpeleke akiwa ameshiba na yuko macho kabisa, maana akisinzia au akilia spidi ya damu inabadilika na majibu yanadanganya. Kama ana homa au kaongezewa damu juzijuzi sema mapema. Watampaka jeli ya baridi hapa juu ya shavu karibu na sikio, we mpakate tu, atasikia shwii shwii, mwambie hiyo ndo damu yako inapita, wengi wanatulia hapo.

Usitoke bila namba ya spidi ya damu jamani! Chini ya 170 (sentimita kwa sekunde) sawa, 170 hadi 199 mtarudia mapema, 200 kwenda juu hatari ya kiharusi ni kubwa, muulize daktari siku hiyohiyo kuhusu kuongezewa damu mara kwa mara.

MRI ni kitu kingine, ni picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha makovu ya kiharusi cha kimyakimya (kisicho na dalili za wazi), ina kelele sana, mvue hereni na vibanio.