Somo: Kuweka picha inayobofyeka kwenye saini ya Gmail

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo, na kila wiki haipiti bila mtu kuja na laptop akiniambia, "Nataka mwisho wa imeli zangu pakae nembo, mtu akiibofya aingie WhatsApp yangu." Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Ila kuna mahali pawili watu wote hukwama, na mimi mwenyewe nilikwama. Hapo nitakaa kidogo. Kwingine nitapita haraka.

Kwanza kisa. Nilipotengeneza saini yangu ya kwanza (yaani yale yanayokaa yenyewe mwisho wa kila imeli) niliona nimepatia kweli: bango moja zuri, ndani yake jina, namba ya simu, mahali duka lilipo, kila kitu. Nikatuma proforma ya karatasi na wino kwenye ofisi fulani, nikakaa kusubiri. Siku tatu kimya. Nikaenda mwenyewe. Mhasibu akanifungulia imeli yangu kwenye kompyuta yake: chini ya "Wasalaam" palikuwa na kiboksi cheupe chenye alama ndogo nyekundu ya mkasi. "Namba yako iko wapi sasa?" akaniuliza. Programu nyingi za ofisini, Outlook ikiwemo, huzuia picha zinazotoka nje mpaka msomaji mwenyewe azikubali. Kwa hiyo jina na namba ya simu viandike kwa herufi za kawaida. Picha ni ya kupendezesha na kubofya tu.

Andaa picha kabla ya kufungua Gmail

Picha iliyopigwa na simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3. Hiyo usiipeleke hivyo hivyo. Ifungue kwenye Paint, bofya Resize, chagua Pixels, upana uwe kama 300. Nembo yenye maandishi ihifadhi kama PNG ili herufi zisichakae. Picha ya sura au ya duka JPG inatosha. Ukiona imebaki chini ya KB 50, umefanya vizuri.

Andaa linki

Ya tovuti au Instagram inakiliwa ilivyo, na ianze na https. Ya WhatsApp unaiandika mwenyewe:

https://wa.me/2557XXXXXXXX

Namba inaanza na 255 (Kenya 254), bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, na ile sifuri ya mwanzo inaondoka. Hapa ndipo mahali pa kwanza pa kukwama: mtu anaandika 25507, halafu anakuja kulalamika kwamba WhatsApp inamwambia namba haipo. Ukitaka mteja akute ujumbe umeshaandikwa, ongeza mwishoni mwa linki ?text=Naomba%20bei. Hiyo %20 ndiyo inayosimama badala ya nafasi kati ya maneno.

Sasa ingia Gmail, kwenye kompyuta

1. Bofya alama ya gurudumu lenye meno juu kulia, kisha "See all settings". Ukurasa wa General ukifunguka, shuka chini mpaka "Signature".

2. Bofya "Create new", ipe jina lolote, mfano "Duka". Jina hilo unaliona wewe tu.

3. Kwenye kisanduku andika maandishi YOTE kwanza: jina, kazi, simu. Kisha bonyeza Enter upate mstari mtupu. Ukianza na picha halafu ukaendelea kuandika mbele yake, mara nyingi maandishi nayo hugeuka linki ya bluu na utahangaika kuyaondoa.

4. Kwenye ule mstari mtupu, bofya alama ya picha iliyo kwenye vitufe vya chini ya kisanduku. Chagua Upload, pakia picha yako. Ikishaingia ibofye mara moja. Vitatokea vichaguzi vya ukubwa. Chagua kimoja, Small au Medium.

5. Hapa ndipo mahali pa pili, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Kubofya picha peke yake wakati mwingine hakutoshi, unaambulia vile vichaguzi vya ukubwa tu. Weka kasa (kile kistari kinachopepesa unapoandika) kulia kabisa kwa picha, shikilia Shift, kisha bonyeza mshale wa kushoto mara MOJA. Picha itafunikwa na rangi ya bluu. Sasa ndiyo imechaguliwa. Bofya alama ya mnyororo, bandika linki yako, kubali.

6. Chini ya kisanduku kuna sehemu mbili za kuchagua saini ipi itumike: ya imeli mpya, na ya kujibu au kusambaza. Ukiziacha "No signature", utahifadhi vizuri kabisa na saini haitatokea.

7. Shuka mpaka mwisho wa ukurasa, bofya "Save Changes". Kitufe kiko mbali, watu hukisahau. Nimeshaona dada mmoja akirudia kazi yote mara tatu akidhani Gmail ina matatizo.

Jitumie imeli ya majaribio. Usijaribu kubofya ndani ya kisanduku cha mipangilio. Pale unahariri tu. Mtumie na rafiki anayetumia programu nyingine, uone kwake inakaaje.

Maswali ya wadau

*Mkuu, mimi naiona picha vizuri ila kila ninayemtumia anasema haioni. Niliitoa Google Drive.*

Faili la Drive limefungwa, wewe unaliona kwa sababu ni lako. Nenda Drive, fungua Share, ruhusu "Anyone with the link". Au ifute, uipakie upya kwa Upload, yaishe.

*Nina bango moja lenye alama za Instagram, Facebook na WhatsApp. Nawezaje kila alama iende kwake?*

Kwa picha moja, linki ni moja. Likate bango vipande vitatu, viingize kimoja kimoja kwenye mstari uleule, kila kimoja na linki yake. Ila kata kwa adabu, urefu wa vipande ulingane, la sivyo vitakaa kama meno ya mtoto.

*Nataka nembo ikae kushoto, maandishi kulia.*

Gmail haina kitufe cha kuchora jedwali pale. Fungua Google Docs, tengeneza jedwali la mstari mmoja na safu mbili, nembo huku, maandishi kule, mistari ya jedwali ifanye isionekane. Nakili, bandika kwenye kisanduku cha saini. Usinakili kutoka Word. Inakuja na takataka nyingi zisizoonekana, na saini ya Gmail haipokei zaidi ya herufi 10,000, zikiwemo hizo.

*Kaka sina kompyuta, simu tu.*

Saini ya ndani ya app ya Gmail inapokea maandishi peke yake. Fungua Gmail kwenye Chrome ya simu, weka alama kwenye "Desktop site", fuata hatua hizo hizo. Inachosha macho. Ukienda kafe ya intaneti utamaliza haraka, lakini usisahau kutoka kwenye akaunti yako unapoondoka.

*Ofisini tunatumia Outlook. Wateja wanasema kila imeli yangu ina kiambatisho kinaitwa image001.png.*

Ndiyo hiyo nembo yako. Outlook huibeba picha ndani ya barua, na baadhi ya programu huionyesha kama kiambatisho. Haina madhara. Kuweka linki kwenye Outlook ni rahisi zaidi: kwenye dirisha la Signatures bofya picha, kisha alama ya linki.

*Nembo yangu ni nyeusi, haina rangi nyuma. Kwa bosi wangu haionekani kabisa!*

Bosi anatumia skrini ya giza, nyeusi juu ya nyeusi. Iwekee nembo mandharinyuma meupe, au uizungushie ukingo mweupe.

*Saini ilikuwepo wiki nzima, leo picha imepotea, yamebaki maandishi.*

Kwenye dirisha la kuandika imeli bofya vile vidoti vitatu chini. Ukikuta "Plain text mode" ina alama ya vema, iondoe. Mtu akiigusa kwa bahati mbaya inabaki hivyo hata kwa imeli zinazofuata.

*Imekubali mkuu, ubarikiwe. Ila imeli niliyomtumia mteja jana bado ina saini ya zamani.*

Ya jana imeshaondoka, hiyo haibadiliki. Na hata dirisha uliloliacha wazi kabla ya kuhifadhi lina saini ya zamani: bofya alama ya kalamu chini yake, uchague "Duka".