Siku moja ya kipupwe Canyonlands: namna ya kupita kwenye kingo za korongo kwa kufuata jua

Wageni wengi huja kusini-mashariki mwa Utah wakati wa kiangazi, joto likipita nyuzi 38. Mimi nikiulizwa, nasema njoo Desemba au Januari. Huwa naongoza watu Island in the Sky, sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, na kwangu hakuna msimu unaoishinda baridi. Jua la mwisho wa Desemba halipandi: hata adhuhuri hufika kama nyuzi 28 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo kila nguzo ya mwamba inalaza kivuli kirefu kutwa nzima na korongo linaonyesha kina chake. Ila mchana ni mfupi, na kila ukingo una saa yake. Panga siku kwa jua kwanza, ndipo ufungue ramani.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia safari

Lala Moab, mji mdogo ulio kama kilomita 50 kutoka kituo cha wageni cha hifadhi. Wanaotoka Salt Lake City, ambako Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda si wachache, wahesabu takriban saa 4 za barabara, na zaidi theluji ikianguka. Jaza tangi la mafuta hapo Moab, maana ndani ya hifadhi hakuna sheli, duka wala mgahawa. Simu nayo hukamata mtandao kwa kubahatisha; pakua ramani mapema, kisha soma taarifa za hali ya barabara kwenye tovuti ya hifadhi.

Usiku baridi hushuka kati ya nyuzi 7 na 18 chini ya sifuri. Vaa nguo kwa tabaka: ya ndani iwe ya sufu au ya michezo (pamba ikishika jasho inakugandisha), juu yake sweta, halafu koti linalozuia upepo. Chukua glavu, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua, tochi ya kichwani, na maji lita 3 kwa kila mtu. Chupa moja iweke ndani ya koti isigande. Chai ya tangawizi kwenye thamosi, usiiache! Na kuna kifaa kimoja ambacho sikubali mgeni wangu akikose: yale meno ya chuma ya kuvalisha juu ya viatu ili visiteleze kwenye barafu. Maduka ya vifaa vya milimani huyauza.

Hatua ya 2: Mesa Arch kabla ya macheo

Ondoka saa 12 kamili alfajiri. Endesha taratibu, kwa sababu kulungu huvuka barabara gizani. Jua huchomoza kama saa 1 na nusu, na kutoka maegesho hadi Mesa Arch, tao la asili la mwamba, ni mwendo wa dakika 10 hadi 15.

Mesa Arch imekaa kwenye mdomo wa genge, ikitazama mashariki kuelekea milima ya La Sal yenye theluji. Jua likitokeza, mwanga wake hupiga ukuta wa mwamba mwekundu ulio chini ya tao, ukadunda kwenda juu, na tumbo la tao likawaka rangi ya chungwa kama kaa la moto. Wapiga picha huwahi kusimamisha vifaa vyao katikati. Ukikuta pamejaa, sogea pembeni, utaiona vizuri tu. Wengi hupiga picha mbili tatu wakakimbilia garini. Wewe baki, kwani mwako huo unaendelea muda mzuri baada ya macheo, na watu wakishaondoka unapata nafasi ya kutazama kwa utulivu. Usipande juu ya tao. Ni marufuku, na ng'ambo yake hakuna kitu cha kukupokea.

Asubuhi nyingine hewa baridi huzama bondeni na ukungu ukalijaza korongo lote. Ukifika ukaona weupe mtupu, usigeuze gari. Subiri jua lipashe, vilele vitaanza kujitokeza kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Grand View Point

Endelea hadi mwisho wa barabara, ukisimama kidogo Buck Canyon njiani. Grand View Point ndipo utakapoelewa umbo la nchi hii. Umesimama juu ya uwanda ulio kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Mita 365 hivi chini yako kuna ngazi ya mwamba iliyozungushiwa ukanda mweupe, White Rim, na kutoka hapo mabonde yanashuka tena kama mita 300 hadi kwenye mito. Colorado uko mashariki, Green uko magharibi, na inakutana kusini. Ile njia nyembamba inayozunguka chini ina urefu wa kilomita 160. Vipande vyake vilichongwa miaka ya 1950 na watafutaji wa urani.

Ukiwa na nguvu, fuata njia ya ukingoni, kilomita 1.5 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, karibu yote tambarare. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Sehemu kubwa ya ukingo haina uzio. Mwamba wenye jua huwa mkavu, lakini kwenye kivuli cha miti ya mreteni barafu hudumu siku nyingi, nyembamba, isiyoonekana. Vaa meno ya chuma kabla hujaihitaji, kaa mbali na ukingo, mtoto umshike mkono wakati wote.

Theluji ikifunika njia, fuata marundo madogo ya mawe yaliyopangwa kuonyesha pa kupita. Udongo wa pembeni, ule mweusi wenye vinundu, uko hai: vijidudu na kuvu vimeushikilia usipeperuke. Unyayo mmoja unaweza kuchukua miongo kupona, na chini ya theluji hutajua umekanyaga nini.

Hatua ya 4: Upheaval Dome, kisha Green River

Kula ndani ya gari na ubadilishe soksi zikilowa. Mchana nenda Upheaval Dome, duara la miamba iliyopinduka lenye upana wa takriban kilomita 5. Wanajiolojia walibishana kwa miaka mingi: je, ni chumvi iliyosukuma miamba juu, au ni kimondo? Mwaka 2008 watafiti waliripoti chembe za madini ya kwatzi zenye alama za mshtuko wa kugongwa kwa nguvu kubwa, na hoja ya kimondo ikapata nguvu. Kituo cha kwanza cha kutazamia kinatosha, kama kilomita 1 kwenda na kurudi. Kile cha pili kiache kama njia ina barafu.

Saa 10 jioni uwe Green River Overlook, maana jua huzama karibu saa 11. Mto unaouona ukijipinda kule chini ndio alioteremka mvumbuzi Mmarekani John Wesley Powell na mashua zake mwaka 1869. Giza likishika, maji yaliyoyeyuka mchana huganda tena barabarani, hivyo rudi Moab kwa mwendo wa chini. Ukibakiwa na siku ya pili, iweke kwa Dead Horse Point, inayofikiwa kwa barabara ileile ya kuja hifadhini, namba 313. Ni hifadhi ya jimbo, na kiingilio chake hulipwa kivyake.