SOMO: Kusherehekea Pahiyas ndani ya nyumba mitaa ikiwa imefungwa

Assalaam aleikum wanajamvi. Kuna walioniuliza habari za yale majani ya rangi yaliyoning'inia dirishani kwetu Muscat, Oman, Mei 2020. Yale yanaitwa kiping, vipande vyembamba vya mchele vyenye umbo la jani, pambo la sikukuu ya Pahiyas ya mji wa Lucban, jimbo la Quezon, Ufilipino. Kila tarehe 15 Mei watu wa huko humshukuru San Isidro Labrador, mtakatifu wa wakulima, kwa kuzivika nyumba zao mavuno yenyewe: mpunga, mboga, matunda, na hizo kiping za mchele. Kisha maandamano hupita mbele ya nyumba zilizopambwa.

Mwaka ule kisiwa chote cha Luzon, ulipo mji huo, kilifungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, na sisi Muscat tangu tarehe 10 Aprili. Mwenzangu wa chumba ni mzaliwa wa Lucban. Siku aliyopata habari kwamba maandamano hayapo alilia sana. Kesho yake nikamkuta jikoni analoweka mchele. Akaniambia Pahiyas huanzia mlangoni kwa mtu, barabara hufuata baadaye. Neno hilo lilinikaa, ndiyo maana naandika.

1. Majani. Kwao hutumia jani la kabal (mti wa huko), la kahawa au la mkungu. Sisi tulipata mkungu. Chagua jani zima lenye mishipa iliyojitokeza, kwa sababu mishipa ndiyo itakayochora sura ya kiping. Lioshe, ulifute likauke kabisa. Jani bichi la maji halishiki uji.

2. Uji. Loweka mchele usiku kucha, usage kwa blenda mpaka usisikie chenga ukiusugua vidoleni, kisha uchuje. Uwe mwepesi kuliko wa vibibi, bila nazi wala hamira. Tia chumvi kidogo, gawa kwenye mabakuli, kila bakuli rangi yake ya chakula.

3. Kupaka na kupika. Paka upande wa mishipa, halafu inamisha jani uji uliozidi udondoke. Usione huruma hapo. Ukiacha mzito, kiping itapasuka ikikauka. Ukiupitisha mwepesi mno, itachanika ukiibandua. Weka kwenye mvuke dakika chache tu, mpaka weupe wa uji ugeuke kama kioo.

4. Kuanika. Hapa ndipo tulipopata hasara. Kundi la kwanza tuliliweka juani kibarazani, na jua la Muscat la Mei likalikunja lote. La pili nikalianika ndani chini ya feni, nikafanya pupa kulibandua, likachanika. Subiri. Kiping ikiwa tayari huanza yenyewe kuachana na jani pembeni. Shika kikonyo, vuta polepole, utasikia mchakacho mdogo. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kila mshipa, hata kovu la jani, vimechapwa kwenye mchele mwembamba kama karatasi. Mimi nilinyamaza kimya mara ya kwanza.

5. Kunyoosha. Zipange katikati ya karatasi, juu weka mfuko wa mchele wa kilo 5, zilale usiku mmoja.

6. Kupamba. Zifunge kwa uzi kwenye duara za waya, duara kubwa juu na ndogo chini, iwe kama taa ya kuning'inia. Hiyo ndiyo arangya. Pembeni tulitundika ndizi, bamia na vitunguu.

7. Wapita njia. Pambo hili linataka kutazamwa. Usipige picha ukatuma ukamaliza. Mwenzangu aliegemeza simu ikielekea dirishani, ndugu zake wa Lucban wakaingia mmoja mmoja kulitazama na kulisifu, kama wanaopita mlangoni. Kule wanatangulia Muscat kwa saa 4, kwa hiyo panga mapema.

Chakula chake ni pancit habhab, tambi zinazowekwa juu ya jani la mgomba na kuliwa kwa mdomo, bila uma. Ilikuwa Ijumaa, tumo kumi la mwisho la Ramadhani. Alikataa kuzigusa mpaka nisikie adhana ya magharibi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shukran dada. Unga wa mchele wa dukani haufai?
Unafaa ukiwa laini sana. Uloweke saa kadhaa, uchuje. Wa kusaga mwenyewe unabanduka vizuri zaidi.

Kiping zinaliwa?
Ndiyo, hukaangwa zikavimba, zikanyunyizwa sukari. Ila zile zilizokaa nje na vumbi ziache, kaanga ulizoziweka akiba.

Samahani dada yangu, wewe Muislamu na huyo ni mtakatifu wao. Hukuona uzito?
Swali lako ni la haki. Sala zake alisali mwenyewe chumbani. Mimi nilisaga mchele na kubandua majani, kama yeye alivyonipikia uji wa futari mwezi mzima.

Nina watoto wawili, niwape kazi gani?
Kupaka rangi na kufunga uzi. Mvuke na kubandua fanya wewe.

Zinadumu muda gani?
Ziepushe na unyevu. Sisi tulizitia kwenye kopo la biskuti, karatasi katikati ya kila moja. Alipopata ndege ya kurudi kwao alilibeba mkononi, hakutaka liende na mizigo.