Usigawe pakiti moja ya dawa ya ndorobo kwa ng'ombe watatu

Ndugu wafugaji wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, dalili za ndorobo, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, mnazijua vizuri, sina haja ya kuzirudia. Leo naandika kuhusu pakiti. Pakiti ya diminazini ya gramu 2.36 (Berenil, Veriben na nyingine za aina hiyo) imepimwa kwa ng'ombe mmoja wa kilo 300. Bado inagawanywa kwa ng'ombe watatu ili kila mmoja apate kidogo. Wiki ya kwanza wote wanarudi kula na mwenye mifugo anaridhika. Baada ya wiki tatu au nne mmoja yuko chini, mtamba ametupa mimba, na lawama zinaangukia dawa kwamba ni feki.

Nafuu ya wiki ile ya kwanza ndiyo inayodanganya watu, na chanzo chake kiko ndani ya kimelea chenyewe.

Kimelea cha ndorobo, Trypanosoma, ni kiumbe cha seli moja. Hakijifichi ndani ya chembe nyekundu za damu kama cha malaria. Kinaogelea nje, mahali ambapo kingamwili, yaani askari wa kinga katika damu ya ng'ombe, zinakifikia muda wote. Kinachokiokoa ni koti la protini ya aina moja, molekuli kama milioni 10 zilizobanana juu ya ngozi yake. Katika Trypanosoma brucei, aliyechunguzwa kuliko wenzake, jeni za makoti, yaani maagizo ya kuyatengeneza, ni zaidi ya 1,000, ingawa nyingi zimekatika na haziwezi kutumika zilivyo. Inayosomwa kwa wakati mmoja ni moja tu. Ili isomwe, lazima ikae kwenye kituo maalumu karibu na ncha ya kromosomu. Vituo hivyo ni kama 15: kimoja kimefunguliwa, vilivyobaki vimefungwa. Mara chache kimelea hufunga kituo hiki na kufungua kingine, au hunakili jeni kutoka akiba na kuibandika juu ya ile iliyokuwa ikisomwa, na hapo koti limeshabadilika. Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax, wanaowaangusha ng'ombe zaidi, nao huvaa koti la namna hii.

Tena kimelea hakingoji kushambuliwa ndipo kibadili. Wachache miongoni mwa mamilioni hubadili kwa bahati tu. Kingamwili zikishawatambua wenye koti la zamani, wale wanakufa kwa wingi, homa inashuka, ng'ombe anasimama na kula. Wachache wenye koti jipya hawaguswi, wanazaliana, na siku chache baadaye homa inapanda tena. Kwa hiyo ng'ombe anaweza kuonekana amepona hata bila kuchomwa chochote. Mfugaji aliyechoma theluthi ya dozi siku homa inashuka ataapa kwamba theluthi inatosha.

Hili pia ndilo limekwamisha chanjo. Ukifundisha mwili koti moja, mengine yapo. Na kimelea kikiingia ndani ya mbung'o kinavua koti lote na kuvaa protini nyingine kabisa, kisha kinavaa koti la damu upya kabla ya kumrudia ng'ombe.

Sasa shikeni hapa. Dawa haijali koti. Diminazini hupenya ndani ya kimelea na kushika DNA yake (maagizo yake ya uhai), hasa ile ya mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, awe amevaa koti la jana au la leo. Dozi kamili inaua wenye makoti yote kwa pamoja, kazi ambayo mwili wa ng'ombe hauwezi. Dozi pungufu inaacha wale wanaoistahimili dawa, na hao ndio mbung'o atawasambaza kwenye zizi lako na la jirani.

Kwa hiyo pima. Chukua futi ya fundi nguo. Zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, bila kukaza wala kulegeza, ng'ombe akiwa amesimama sawa. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, vyote kwa sentimita, gawa kwa 10,840. Jibu ni kilo. Mwenye kifua sm 140 na urefu sm 120 ana kilo 217 hivi. Kwa macho wengi humwita huyu "wa kilo mia na hamsini". Acheni kukadiria kwa macho!

Pakiti ya gramu 2.36 inayeyushwa kwa mililita 12.5 za maji ya sindano na kutoa karibu mililita 15. Msipime maji kwa kizibo cha soda, msitumie maji ya kisima, na msiongeze maji ili dawa "iwe nyingi". Dozi ni mililita 1 kwa kila kilo 20, yaani miligramu 3.5 za diminazini yenyewe kwa kilo. Ng'ombe wetu wa kilo 217 anahitaji mililita 11. Akipewa theluthi ya pakiti, mililita 5, anapata miligramu 1.6 kwa kilo, chini ya nusu. Dume wa kilo 320 anahitaji mililita 16, kwa hiyo pakiti moja haimtoshi. Fungua ya pili.

Choma ndani ya msuli wa shingo, si chini ya ngozi. Ikizidi mililita 15, gawa sehemu mbili. Kwa joto la huku, dawa iliyoyeyushwa itumike siku hiyo hiyo. Choma asubuhi, ng'ombe apumzike na kunywa maji. Aliyedhoofika akiswagwa hadi bonde la Matandu baada ya sindano anaweza kuanguka njiani. Siku za kutokula nyama na kutokunywa maziwa zimeandikwa kwenye pakiti, zisomeni.

Isometamidiamu (Samorin) nayo inaitwa "chanjo ya ndorobo" minadani. Si chanjo. Ni dawa inayokaa mwilini miezi 2 hadi 4 kisha inaisha. Kwa kinga, gramu 1 kwa mililita 50 za maji, mililita 1 kwa kilo 20, ndani kabisa ya msuli. Ichomwe kabla mvua hazijaanza na kabla ya kupeleka mifugo kwenye vichaka vya mbung'o. Usiichanganye na diminazini kwenye bomba moja.

Ng'ombe akipona kweli, joto linabaki chini ya nyuzi 39.5 za Selsiasi na uzito unarudi.

Siku ya 14 baada ya sindano leteni damu ya mshipa wa sikio ipimwe, hasa kwa aliyekuwa mbaya zaidi. Vimelea vikionekana ilhali dozi ilipimwa kwa futi na maji yalikuwa sahihi, msirudie dawa ile ile kwa kiasi kile kile. Mwiteni daktari wa mifugo aamue kati ya kupandisha hadi miligramu 7 kwa kilo na kubadili dawa, na mumwonyeshe pakiti tupu pamoja na vipimo mlivyoandika.