Kusoma kikomo cha fanksheni zilizounganishwa kwenye grafu

Ukipewa grafu za f na g, ukaulizwa kikomo (thamani inayokaribiwa) cha f + g pale x inapokaribia 2, usianze na nukta nyeusi iliyo juu ya 2. Nukta hiyo inakupa f(2) tu. Weka ncha ya penseli kwenye mchoro wa f upande wa kushoto, isogeze taratibu kuelekea 2, andika kimo unachokikaribia. Kisha njoo kutoka kulia. Rudia kwa g. Sasa una namba nne.

Tuseme f inakaribia 1 kutoka kushoto na 4 kutoka kulia. G inakaribia 5 kutoka kushoto na 2 kutoka kulia. Wengi wakiona grafu zote mbili zimekatika huandika papo hapo "hakuna kikomo". Ni haraka mno. Jumlisha upande kwa upande: 1 + 5 = 6, 4 + 2 = 6. Kikomo cha jumla kipo, nacho ni 6. Zidisha: kushoto 5, kulia 8. Hapo kweli hakuna.

Kwenye f/g, tazama asili (g, iliyo chini) kwanza. Ikikaribia 0 huku kiasi (f, iliyo juu) kikikaribia namba nyingine, hakuna kikomo chenye thamani. Zote zikienda 0 kwa mistari iliyonyooka, hesabu miraba upate miteremko, kisha gawanya wa f kwa wa g: 2 kwa −4 hutoa −1/2.

Penye mtego hasa ni f(h(x)), yaani unapoingiza h(x) ndani ya f. Chukua f ileile, nukta yake nyeusi ikiwa f(2) = 3, na h(x) ikikaribia 2 pale x inapokaribia 0. Swali si x inatoka upande gani, bali h inaifikia 2 kutoka juu au chini. Kama h ina kilele cha 2 pale 0, pande zote mbili inatokea chini, kwa hiyo unasoma f kutoka kushoto: jibu ni 1. Ikiwa ni bonde, inatokea juu: jibu ni 4. Ikipanda moja kwa moja kupita 2, upande mmoja hutoa 1, mwingine 4, hakuna kikomo. Na kama h imelala bapa kwenye 2 kuzunguka 0, kila mara unaingiza 2 kamili ndani ya f. Hapo ndipo ile nukta nyeusi inapohesabika: jibu ni 3.