Kupima Saketi za Elektroniki kwa Kadi ya Sauti ya Kompyuta

Fundi asiyemudu bei ya oskiloskopu, yaani kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme, anaweza kufanya vipimo vingi kwa kadi ya sauti, mradi aijue mipaka yake na ailinde isiungue. Kadi inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde haiwezi kuonyesha masafa yanayozidi nusu ya idadi hiyo, yaani hezi 24,000, na kwa kawaida volti za mkondo mnyoofu hazipimiki kwa sababu huzuiwa na kapasita iliyomo mlangoni. Kwa hiyo haifai kupimia betri, lakini kwa amplifaya, vichujio vya sauti na kapasita inatosha sana.

Ningeshauri kadi ya nje ya USB, ili ajali ikitokea kompyuta yenyewe isalimike. Chagua yenye mlango wa laini (line-in), kwani ule wa maikrofoni hukuza ishara kupita kiasi na hutoa volti zake wenyewe.

Waya wa kupimia utengenezwe hivi: kwenye ncha weka kapasita ya nanofaradi 100 inayostahimili angalau volti 100, ifuatwe na rezista ya omu 100,000, kisha rezista ya omu 10,000 iende ardhini, yaani kwenye waya wa pamoja wa saketi (ground). Ishara ichukuliwe pale rezista hizo mbili zinapokutana, na hapohapo fungia daiodi mbili za 1N4148 kwenda ardhini, kila moja ikielekea kinyume cha mwenzake, ili volti zisizidi takribani 0.6. Ulinzi huu hautoshi kwa umeme wa ukutani. Ardhi ya kadi imeungana na kompyuta, na kuigusisha na upande wa pawasapulai uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani kunaweza kuua mtu.

Kabla ya kupima, zima katika mipangilio ya kompyuta huduma za kupunguza kelele na kurekebisha sauti zenyewe, maana hupotosha kila kipimo. Mvumo wa hezi 50 ukijitokeza kwenye kompyuta ya mkononi, chomoa chaja.

Kisha sawazisha kipimo. Kwa programu ya bure ya Audacity, toa wimbi la saini (sine) la hezi 200 kwenye mlango wa kutolea sauti, ulipime kwa multimita upande wa mkondo geu, na wakati huohuo ulirekodi kupitia waya wa kupimia. Multimita ikisoma volti 0.5, kilele chake ni 0.707; kama Audacity inaonyesha kilele cha 0.05, basi kila 0.01 ni volti 0.141. Kuanzia hapo usiguse tena kiwango cha kurekodi, la sivyo hesabu yote itabidi irudiwe.

Kupima kapasita isiyo na maandishi, iunganishe na rezista ya omu 1,000 kwa mfululizo, mwanzo wa rezista ukipokea wimbi kutoka kwenye kadi na mwisho wa kapasita ukienda ardhini. Pandisha masafa, na kila mara linganisha volti za mwanzo wa rezista na zile zilizo juu ya kapasita, mpaka hizi za pili ziwe 0.707 ya zile za kwanza. Gawanya 1 kwa zao la 6.283, omu na hezi, upate jibu katika faradi: masafa yakiwa hezi 1,592, kapasita ni ya nanofaradi 100.

Kwa amplifaya iliyonyamaza, ingiza wimbi dogo la hezi 1,000 na ufuate njia yake hatua kwa hatua. Mahali linapopotea au vilele vyake vinapokatika ndipo pa kuanzia kukagua transista.