Kupima mshuko wa miale ya kosmiki ukiwa Mtwara

Jua likilipuka, wengi husubiri hesabu za kipimo chao cha miale ya kosmiki (chembe za kasi zitokazo angani) zipande. Ukiwa Mtwara au Lindi, subiri zishuke. Uga wa sumaku wa dunia huku kwetu huzuia protoni zinazotoka juu zilizo chini ya gigavolti 10 (kipimo cha uwezo wa chembe kupenya uga wa sumaku), na chembe za milipuko ya Jua ni nadra kuvuka hapo. Za Februari 23, 1956 zilionekana hadi ikweta, lakini milipuko ya aina hiyo ni adimu mno. Tunachoweza kukinasa ni upungufu alioueleza mwanafizikia Scott Forbush mwaka 1937: wingu la sumaku lililorushwa na Jua hufika siku 1 hadi 3 baadaye, hukinga miale ya galaksi, hesabu huanguka kwa saa kadhaa, kisha hujirudi polepole kwa siku nyingi.

Kwa myuoni, yaani chembe zinazozaliwa miale hiyo ikigonga hewa na kufika hadi ardhini, mshuko huo ni asilimia chache tu, kwa hiyo usihangaike na mirija midogo ya Geiger. Chukua sahani mbili za sintileta (plastiki inayotoa mwako mdogo chembe ikipita), sm 20 kwa 20, kila moja na kihisi cha silikoni cha kusoma mwako huo, uzipange moja juu ya nyingine zikiachana sm 5, na uhesabu zile chembe zinazopiga zote mbili kwa pamoja. Utapata zaidi ya 200 kwa dakika, yaani 12,000 kwa saa, na kosa la karibu asilimia 0.9. Jumlisha saa sita sita, kosa lishuke chini ya 0.4.

Funga kila sahani kwa karatasi ya aluminiamu, halafu utepe mweusi mara mbili. Mulika tochi kila pembe: hesabu zikipanda, mwanga unapenya. Tia pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi, maana chumvi ya bahari hula viungio haraka.

Joto ndilo linalodanganya wengi. Vihisi vya silikoni hupiga kelele zaidi mchana. Kila sahani ikitoa mipigo 1,000 kwa sekunde na dirisha la kulinganisha (muda ambao mipigo ya sahani mbili huhesabiwa kuwa ya pamoja) likiwa nanosekunde 100, unapata kama 12 za uongo kila dakika. Pandisha kizingiti cha ukubwa wa mpigo unaohesabiwa mpaka kila sahani ibaki chini ya 100 kwa sekunde. Za uongo zitakuwa karibu hakuna.

Kisha sahihisha mgandamizo wa hewa. Hapa pwani hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele kikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na usiposahihisha utadhani ni Jua. Anza na fomula hii:

hesabu sahihi = hesabu × [1 + 0.0015 × (P − 1013)]

P iwe kwa hektopaskali. Baada ya mwezi mmoja wa Jua tulivu, chora hesabu dhidi ya P upate namba ya kipimo chako mwenyewe. Kimbunga kama Hidaya, Mei 2024, kikishusha mgandamizo kwa hektopaskali 10, hesabu hupanda kama asilimia 1.5 bila Jua kuhusika.

Andika muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa nne asubuhi yetu ni 07:00 UTC; kosea hapo, na grafu yako haitalingana na ya yeyote.

Ukiona mshuko, fungua takwimu za kituo cha Oulu, Finland, kinachohesabu nyutroni za miale ya kosmiki; huko kizingiti cha sumaku ya dunia ni gigavolti 0.8 tu. Kama nako zimeshuka, umenasa wingu. Kama Oulu imepanda ghafla nawe umebaki palepale, hizo ni chembe za Jua zilizozuiwa na sumaku. Kama umeshuka peke yako, kagua umeme na utepe.